Uvimbe wa Ubongo Husomwa kwa Miaka

Mwaka 1898, mjini Santiago nchini Kuba, ofisa wa jeshi la Marekani aitwaye Leonard Wood aliinuka ghafla mezani akagonga kichwa kwenye taa nzito iliyokuwa ikining'inia juu yake. Alikuwa daktari aliyegeuka askari, mtu wa mazoezi na safari ngumu, na pigo lile hakulipa uzito. Miaka michache baadaye mguu wake wa kushoto ukaanza kufa ganzi, kisha ukawa unarukaruka wenyewe, unatulia, unaanza tena. Kwamba taa ile ndiyo iliyoanzisha ugonjwa hakuna aliyewahi kuthibitisha. Ila upande wa kulia wa kichwa chake, juu karibu na utosi, kulikuwa na uvimbe unaokua.

Mwaka 1905 alipasuliwa, na nafuu haikudumu. Mwaka 1910 akaenda kwa Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo aliyekuwa bado Baltimore, na Cushing akautoa uvimbe. Wood akarudi kazini. Alikuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Marekani hadi 1914. Mwaka 1920 akagombea uteuzi wa chama cha Republican katika mbio za urais, akaongoza katika duru za mwanzo za kura. Mwaka 1921 akapelekwa Ufilipino kuwa gavana mkuu. Miaka yote hiyo mabaki ya uvimbe yalikuwa yakikua taratibu pale pale. Mguu ukaanza tena kuburuzika, mkono wa kushoto ukalegea, na sehemu ya upeo wa macho ikapotea. Agosti 1927 akalala tena mbele ya Cushing, safari hii Boston. Alifariki tarehe 7 mwezi huo, saa chache baada ya upasuaji. Ubongo wake umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale mpaka leo.

Miaka 17 ilipita kati ya upasuaji ule wa Cushing na kifo. Hadithi ya Wood inafaa kutangulia mhadhara huu kwa sababu inabeba hoja yake yote: uvimbe wa ubongo hauwi kitu kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Una mwanzo, una mwendo, hubadilika tabia, na mara nyingine hubadilishwa na tiba ileile inayoupiga vita. Picha moja ya MRI humwonyesha daktari uvimbe ulipo na ukubwa wake siku hiyo. Haimwonyeshi kasi yake, wala mahali ulipokuwa mwaka juzi. Hayo hujulikana kwa kulinganisha, na anayelinganisha hana budi kuwa na kumbukumbu.

Cushing alilijua hilo kuliko wenzake wengi wa zama zake. Aliwaomba wagonjwa wake wamwandikie barua kila mwaka ifikapo tarehe waliyopasuliwa, wamweleze hali zao. Kazi ya kuzipanga habari hizo ilimwangukia Louise Eisenhardt, mwanamke aliyeanza kama msaidizi wake wa ofisini, akaenda kusomea udaktari, akarudi akiwa mtaalamu wa patholojia ya uvimbe wa ubongo. Aliandika kila mgonjwa, kila kipande cha nyama kilichokatwa, na kilichompata mtu huyo baada ya miaka. Mwaka 1938 yeye na Cushing walitoa kitabu kikubwa kuhusu meningioma, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, jina ambalo Cushing mwenyewe alikuwa amelitunga mwaka 1922. Wanaosifu mikono ya Cushing ni wengi. Daftari la Eisenhardt linastahili sifa hizo hizo, maana bila ufuatiliaji ule wa mtu mmojammoja, hakuna ambaye angejua kwamba uvimbe uliotolewa wote unavyoonekana unaweza kurudi baada ya miaka kumi au zaidi.

Meningioma, kwa sehemu kubwa, husukuma ubongo kando bila kuuingia. Aina ya pili, ambayo imewatesa madaktari kupita zote, ni glioma, uvimbe unaotokana na seli zinazozihudumia na kuzishikilia seli za neva. Huu hauna mpaka.

Aliyelipia somo hilo waziwazi ni Walter Dandy, mpasuaji wa Baltimore, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Cushing na baadaye akawa mpinzani wake. Mwaka 1928 alitoa ripoti ya wagonjwa wenye glioma ambao aliwaondolea nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia. Aliwachagua wale ambao tayari walikuwa wamepooza upande wa kushoto, kwa hiyo aliona hasara haikuwa kubwa sana kupita faida. Baadhi waliamka, wakazungumza, wakawatambua jamaa zao. Halafu uvimbe ukajitokeza tena, upande uliobaki. Ikawa kama kung'oa ndago shambani: majani yote yamekwenda, udongo umesafishwa, na vijikonyo vilivyokuwa mbali chini ya ardhi vinachipua penye mazao. Seli za glioma zilikuwa zimeshavuka kwenda ng'ambo kabla kisu hakijagusa ngozi.

Zilivukaje? Jibu lilitoka Antwerp, Ubelgiji, katika miaka ya 1930. Hans Joachim Scherer, Mjerumani aliyekuwa ameikimbia nchi yake mwaka 1933, alikata bongo nzima za waliokufa kwa glioma vipande vyembamba na kuzipima zote, si eneo la uvimbe peke yake. Aliona seli zikifuata njia zilizokwishatengenezwa na ubongo wenyewe: kandokando ya mishipa ya damu, katikati ya nyuzi nyeupe zinazounganisha pande mbili, kuzunguka seli za neva, na chini ya utando wa juu. Mwaka 1940 akaandika jambo jingine zito, kwamba glioblastoma, ile kali kuliko zote, ina asili mbili: moja hulipuka ikiwa kali tangu mwanzo, nyingine hutokana na uvimbe mpole uliokaa kwa miaka. Sayansi ya vinasaba ilikuja kumpa haki karibu miaka 70 baadaye. Ni lazima pia isemwe kwamba mtu huyohuyo alirudi chini ya utawala wa Manazi, akafanya kazi Breslau akichunguza bongo za watoto waliouawa katika mpango wa kuwaangamiza wenye ulemavu. Aliuawa mwaka 1945 katika shambulio la mabomu kutoka angani. Alichokigundua ni cha kweli, na alichokifanya hakisahauliki; vyote viwili viko katika kumbukumbu za taaluma hii.

Leo Shirika la Afya Duniani hupanga uvimbe wa mfumo wa neva kwa madaraja, kuanzia 1 hadi 4. Familia nyingi zikisikia "daraja la 2" hushusha pumzi, zikidhani ni jina la kudumu. Sivyo kwa glioma. Watafiti wa Ufaransa, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2003, walipima picha za MRI za wagonjwa wenye glioma za daraja la 2 ambao hawakuwa wameanza matibabu, mwaka baada ya mwaka. Waliona kipenyo cha uvimbe kikiongezeka kwa takribani milimita 4 kila mwaka, bila kusimama. Milimita 4 haionekani kwa jicho mtu anaposhika picha ya Januari na ya Juni. Ripoti itaandikwa "hakuna mabadiliko", na ripoti inayofuata nayo hivyohivyo, kwa sababu kila picha imelinganishwa na iliyotangulia tu. Weka ya leo kando ya ile ya miaka mitano iliyopita, na sentimita 2 zitaonekana hata na asiye daktari.

Wakati huo wote mgonjwa anaweza kuwa anafanya kazi, anaendesha gari, anazaa na kulea. Ubongo una uwezo wa kuhamisha kazi zake pole pole uvimbe unapojongea. Hugues Duffau, mpasuaji wa Montpellier anayewapasua wagonjwa wakiwa macho na wakizungumza, amewarudia baadhi yao baada ya miaka na kukuta sehemu iliyokuwa ikitawala usemi haiitawali tena. Kazi imehamia jirani, na mabaki ambayo safari ya kwanza yalikatazwa kuguswa sasa yanaweza kutolewa. Mwendo wa polepole, kwa hiyo, unaweza kumfaa mgonjwa kama kuna anayeufuatilia.

Mwendo wa ghafla hauna fadhila hiyo. Fuvu la mtu mzima halipanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na maji, na kikiongezeka kimoja, vingine hubanwa. George Gershwin, mtunzi mashuhuri wa muziki wa Marekani, alianza Februari 1937 kwa kupotewa na fahamu kwa sekunde chache akiwa jukwaani Los Angeles, huku akisikia harufu ya mpira unaoungua ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Zikafuata kizunguzungu, maumivu makali ya kichwa, na mikono iliyoanza kuangusha vitu. Juni alilazwa hospitalini siku chache, akaruhusiwa, na dalili zake zikahesabiwa kuwa za msongo wa mawazo. Tarehe 9 Julai alizimia, akapasuliwa, tarehe 11 akafa, akiwa na miaka 38. Madaktari wa wakati ule waliandika glioblastoma. Wengine waliopitia kumbukumbu zake baadaye wamependekeza kuwa pengine ulikuwa uvimbe wa aina ya polepole uliofikia ukomo wa nafasi ndani ya fuvu. Harufu isiyokuwepo na kupotewa fahamu kwa sekunde chache vilikuwa tayari ni kifafa, na hilo lilikuwa miezi mitano kabla.

Ni nini hasa kinachougeuza uvimbe mpole kuwa mkali? Mwaka 2008 watafiti wakiwamo wa Johns Hopkins waliokuwa wakisoma vinasaba vya glioblastoma walikuta kasoro katika jeni iitwayo IDH1, jeni ya kimeng'enya cha kawaida kabisa katika shughuli za seli. Iliwapata hasa wagonjwa vijana, na hasa wale ambao uvimbe wao ulianza katika madaraja ya chini. Mwaka uliofuata ikajulikana kuwa kimeng'enya chenye kasoro hutengeneza kemikali isiyotakiwa, ambayo hujilimbikiza na kuvuruga namna seli inavyozisoma jeni zake. Seli haikomai inavyopaswa, hubaki ikigawanyika. Kasoro hiyo ni miongoni mwa hatua za mwanzo kabisa, nyingine huja juu yake, na miaka inavyokwenda baadhi ya seli hupoteza breki zinazozuia kugawanyika ovyo. Hapo uvimbe huota mishipa mipya ya damu, baadhi ya sehemu zake hufa kwa kukosa hewa, na katika picha ya MRI eneo lililokuwa halionyeshi kitu huanza kung'aa baada ya mgonjwa kuchomwa sindano ya kung'arisha. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limezitenga njia mbili za Scherer kwa majina: uvimbe wenye kasoro ya IDH, hata ufike daraja la 4, hauitwi tena glioblastoma.

Tiba nayo ni sehemu ya mabadiliko haya, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa kutoka San Francisco walichapisha ulinganisho wa glioma za awali na zile zilizorudi kwa wagonjwa haohao 23. Kwa asilimia 43 ya wagonjwa, angalau nusu ya mabadiliko ya vinasaba yaliyokuwemo mwanzoni hayakuonekana tena katika uvimbe uliorudi. Kilichorudi kilikuwa ni tawi lililoachana na mengine zamani, pengine kabla ya upasuaji wa kwanza. Tena, kati ya wagonjwa 10 waliopewa temozolomaidi, dawa kuu ya glioma, 6 walirudiwa na uvimbe wenye maelfu ya kasoro mpya zenye alama ya dawa hiyo. Hii si sababu ya kuikataa dawa. Ni sababu ya kutochukulia kipande cha nyama kilichopimwa miaka sita iliyopita kuwa ndicho kinachokua leo. Inapowezekana kuchukua kipande kipya kwa usalama, kichukuliwe.

Glioblastoma halisi haitoi nafasi ya miaka sita. Seneta Edward Kennedy alipatwa na kifafa Mei 2008 na kufariki tarehe 25 Agosti 2009. Seneta John McCain alipasuliwa Julai 2017 na kufariki tarehe 25 Agosti 2018. Wote wawili walipata tiba ya kiwango cha juu kabisa nchini Marekani, na muda wao unakaribiana na uliooneshwa na utafiti mkubwa wa mwaka 2005, ambao ndio msingi wa tiba ya leo: kwa waliopata mionzi peke yake nusu walikuwa wamefariki kufikia miezi 12.1, kwa waliochanganyiwa mionzi na temozolomaidi, miezi 14.6. Tofauti inaonekana ndogo mpaka mtu atazame waliofika miaka miwili, ambao walipanda kutoka asilimia 10.4 hadi 26.5.

Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti, moja la Stanford na jingine la Heidelberg, yalionyesha kwamba seli za neva hujiunga na seli za glioma kwa viungio vya kweli vya kupitishia ishara, na ishara hizo huzichochea seli za uvimbe kukua. Heidelberg walikuwa wameshaonyesha mwaka 2015 kuwa seli za glioma huunganishwa kwa mirija mirefu myembamba, na zilizounganika hustahimili mionzi kuliko zilizo pweke. Yaani uvimbe hushiriki katika mawasiliano ya ubongo, na kufikiri kwenyewe kunaweza kuulisha. Ni ugunduzi wa kutisha. Vilevile umefungua mlango wa kujaribu dawa za neva zilizokwishajulikana.

Kuna mambo mawili yanayowapotosha wagonjwa na ndugu zao, na yote ni ya kalenda. La kwanza ni deksamethasoni, ambayo tangu mwaka 1961 imekuwa ikitumiwa kupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe. Mgonjwa aliyeletwa akitapika asubuhi na kushindwa kutembea anaweza kuinuka ndani ya siku mbili na kuomba chakula. Ndugu wanashukuru Mungu, na wengine wanaamua kurudi nyumbani. Uvimbe uko vilevile; kilichopungua ni maji. La pili liko kinyume chake: katika miezi mitatu ya kwanza baada ya mionzi, picha inaweza kuonyesha eneo limekua na kung'aa zaidi kumbe ni mwitiko wa tiba, na baada ya muda likasinyaa lenyewe. Daktari asiye na picha ya siku ya mwanzo wa mionzi anaweza kuacha dawa inayofanya kazi.

Ndiyo maana bahasha ya picha za zamani ina thamani. Kwenye kliniki za Dar es Salaam na Nairobi mgonjwa huja na bahasha kubwa ya kaki chini ya kwapa, pembe zimechakaa, juu yake pameandikwa jina na tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Ndani mna filamu moja, wakati mwingine na diski iliyokwaruzwa. Daktari anaipandisha kwenye kioo chenye taa, anauliza za nyuma ziko wapi, na jibu ni kwamba zilibaki hospitali ya mkoa, au kwa shangazi, au zilitupwa kwa kuwa "hii ndiyo mpya". Tanzania upasuaji mkubwa wa ubongo umejikita taasisi ya MOI pale Muhimbili, na mionzi hutolewa taasisi ya saratani ya Ocean Road, kando ya bahari, mwendo mfupi kwa gari. Mtu aliyetoka Kigoma au Songea anapita kwenye milango yote hiyo akibeba historia yake mkononi. Intaneti inaweza kuzisafirisha picha hizi, na hospitali zinazojenga mifumo ya kuzihifadhi zinafanya kazi ya tiba, si ya ukarani. Kabla mifumo hiyo haijamfikia kila mtu, filamu ya kwanza isitupwe hata kama imefifia.

Jambo moja jipya linagusa nyumba nyingi za Afrika Mashariki moja kwa moja. Machi 2024 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Ufaransa uliowaangalia wanawake 18,061 waliopasuliwa meningioma na kuwalinganisha na wengine. Waliotumia sindano ya medroksiprojesteroni kwa mwaka mmoja au zaidi, ndiyo ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, walikuwa na uwezekano wa mara 5.6 zaidi wa kuhitaji upasuaji huo. Takwimu hii isomwe kwa utulivu. Meningioma ya kufikia kupasuliwa ni ugonjwa adimu, kwa hiyo hata ukizidishwa mara tano unabaki adimu. Waliotumia sindano hiyo Ufaransa walikuwa wachache mno. Na mimba isiyotarajiwa ina hatari zake zilizo karibu zaidi. Hata hivyo mwanamke aliyeitumia kwa miaka mingi, na sasa ana maumivu ya kichwa yanayozidi au macho yanayofifia, ana haki ya kuulizwa juu ya sindano hiyo. Katika homoni nyingine ya jamaa hiyo, saiproteroni, imeonekana mara nyingi kwamba dawa ikisimamishwa, meningioma huacha kukua au husinyaa, na mgonjwa huepuka kisu kabisa.

Kwa upande wa glioma, habari kubwa ya miaka ya karibuni ni ya kuingilia mapema. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio la vorasidenibu, kidonge kilichotengenezwa kukizima kimeng'enya cha IDH chenye kasoro. Wagonjwa 331 wenye glioma za daraja la 2, waliokwishapasuliwa na ambao hawakuhitaji mionzi mara moja, waligawanywa makundi mawili. Waliopewa kidonge tupu, nusu yao ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kufikia miezi 11.1; kwa waliopewa dawa, miezi 27.7. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Agosti 2024. Haitibu glioblastoma, na haimfai mtu ambaye uvimbe wake hauna kasoro hiyo.

Hapo swali linahamia maabara. Kusoma vinasaba vyote vya uvimbe kunahitaji mashine za gharama. Lakini kasoro moja mahususi ya IDH1, ile inayobeba takribani asilimia 90 ya kasoro zote za IDH katika glioma, huonekana kwa kupaka kipande chembamba cha nyama kingamwili maalumu na kukitazama kwa hadubini, mbinu ileile ambayo maabara kubwa za patholojia hutumia kila siku kwa saratani ya matiti. Kwa kijana wa miaka 30 anayeambiwa ana uvimbe wa daraja la 2, jibu la kipimo hicho hubadilisha tarehe ya MRI inayofuata, uamuzi wa kuanza au kuahirisha mionzi, na mazungumzo atakayofanya na familia yake kuhusu miaka kumi ijayo. Kiandikwe kwenye fomu ya maombi siku ileile ya upasuaji, na kipande cha nyama kilichobaki kitunzwe, kwa sababu miaka itakapopita na uvimbe ukirudi, kitahitajika kulinganishwa.